Msimu si Mavuno Pekee: Mwaka 1992 wa Benson Masya na Deni la Wanakiswahili

Mwaka 2006 Roger Federer, mchezaji tenisi wa kulipwa kutoka Uswisi, alicheza mechi 97. Alishinda 92 na kushindwa 5. Alishiriki mashindano 17, akafika fainali 16 na kutwaa mataji 12. Hata zile mechi tano alizoshindwa zinajulikana moja baada ya nyingine: nne alishindwa na Rafael Nadal wa Uhispania, na ya tano akashindwa na Andy Murray kule Cincinnati. Anayetaka kujua nani alisimama upande wa pili wa wavu, tarehe gani, na seti ziliishaje, hatatafuta kwa muda mrefu. Msimu huo umehifadhiwa kuanzia Januari hadi Novemba bila pengo.

Sasa na atazamwe mwanamichezo mwingine wa kulipwa, katika msimu mwingine. Mwaka 1992 Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, alikuwa na umri wa miaka 22. Jumapili ya tarehe 20 Septemba, katika barabara inayotoka Newcastle, ikavuka daraja la mto Tyne na kuishia South Shields kando ya bahari, alikimbia kilomita 21 na ushei kwa dakika 60 na sekunde 24. Nyuma yake, kwa sekunde 16, alikuja Antonio Silio wa Argentina, na wa tatu akawa Boay Akonay wa Tanzania. Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa nusu marathoni, na Kenya ilitwaa taji la timu pia. Majuma kumi na mawili baadaye, Desemba, Masya alikuwa Honolulu katika visiwa vya Hawaii, akashinda marathoni kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 19. Aliyemfuata alikuwa Cosmas Ndeti wa Machakos, yule yule ambaye kuanzia Aprili 1993 angeshinda marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo.

Hizo ni siku mbili. Mwaka 1992 ulikuwa na siku 366.

Hoja ya makala haya ni kwamba siku 364 zilizobaki ni mali ya fasihi na historia ya Kiswahili, na kwamba zinapotea. Si hoja ya kuomba sanamu, wala ya kulalamikia serikali kuhusu mashujaa waliosahaulika. Malalamiko ya namna hiyo ni mengi na aghalabu hayazai kitu. Swali hapa linawahusu watu wenye kalamu, hasa wale wanaosomea Kiswahili katika vyuo vikuu na ambao kila muhula hutumwa vijijini kukusanya fasihi simulizi.

Neno lenyewe, msimu, linastahili kuangaliwa kwanza. Limetoka katika Kiarabu, mawsim, na lilifika pwani pamoja na majahazi. Lilikuwa na maana ya wakati maalumu wa pepo: kaskazi inaleta vyombo, kusi inavirudisha. Baadaye likahamia shambani, kisha likaingia uwanjani, na leo mtangazaji wa kandanda husema “msimu huu” bila kukumbuka bahari wala jembe. Lakini aliyezaliwa Kitui au Makueni hawezi kusahau jembe kirahisi. Huko mwaka hugawanywa na mvua mbili: ile ya Machi hadi Mei, ambayo Wakamba huiita uua, na ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo huiita nthwa. Vitabu vya jiografia huiita ya kwanza mvua ndefu na ya pili mvua fupi, lakini mkulima wa Ukambani huitegemea zaidi hiyo inayoitwa fupi. Naye anajua kwamba msimu hauanzi siku ya kuvuna. Unaanza wakati wa kiangazi, shamba linapotayarishwa juani na hakuna anayepita njiani kushangilia.

Wanahabari, na baadhi ya wasomi pia, humhesabia mwanariadha mavuno tu. Ndiyo maana Masya amebakia na tarakimu: 60:24. Kwa mchezaji tenisi hasara ya mtazamo huo ni ndogo, kwa sababu kazi yake nyingi hufanyika hadharani. Hucheza mechi kadhaa katika juma moja, mbele ya watu, na matokeo yake ya majuma 52 yaliyopita hujumlishwa kuwa nafasi yake duniani. Akishinda shindano mwaka huu, mwaka ujao hurudi pale pale kuzitetea alama zake. Akitolewa katika raundi ya kwanza ya mojawapo ya mashindano manne makuu, bado hulipwa. Kalenda inamngoja: Januari yuko Melbourne, Mei na Juni Paris, kisha London, na Agosti yuko New York. Hata Angella Okutoyi, Mkenya aliyetwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, ameacha nyuma yake orodha ya mechi ambayo mwandishi wa wasifu wake wa baadaye ataikuta tayari imeandikwa.

Mkimbiaji wa barabarani wa miaka ya 1990 hakuwa na kalenda ya namna hiyo. Mwili wa mwanadamu hauruhusu marathoni nyingi. Mbili au tatu kwa mwaka humtosha mtu, na zaidi ya hapo hujilipia mwenyewe kwa majeraha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya msimu wake ni mazoezi. Ni asubuhi zisizo na saa rasmi, ni barabara ya vumbi, ni watu waliokimbia naye kilomita 30 kisha wakaenda zao kutafuta riziki. Hakuna gazeti lililotuma mwandishi huko. Mashahidi ni majirani, ndugu, wachuuzi waliofungua vibanda alfajiri na wakimbiaji wenzake ambao hawakufika Newcastle. Kwa maneno mengine, ushahidi wa msimu wa mkimbiaji uko katika masimulizi, na masimulizi ndiyo taaluma ambayo idara za Kiswahili hujinasibu nayo.

Yeyote aliyewahi kukaa Kitui au Makueni wakati wa kiangazi amewaona watu wakichimba mchanga katika mto uliokauka. Mgeni hudhani wamepungukiwa na akili. Wenyeji wanajua kwamba maji yamo chini, na ndiyo sababu katika kaunti hizo mbili watu wamejenga mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo mbali na jua. Ukimwuliza mwanafunzi kutoka Kitui kuhusu Masya, atasema hakuna kilichoandikwa. Huenda ni kweli. Lakini mto mkavu na mto usio na maji ni vitu viwili tofauti, na mtoto wa Ukambani hapaswi kukumbushwa hilo.

Kuna watakaopinga kwamba riadha si fasihi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ya kutosha katika riwaya, ushairi na isimu. Upinzani huu una sura ya usomi lakini haujasoma vya kutosha. Shujaa anayefundishwa katika kila darasa la fasihi simulizi nchini Kenya ni Fumo Liyongo, na sehemu kubwa ya sifa zake ni za mwili: nguvu zake, kimo chake, mishale yake. Nyimbo na masimulizi yaliuhifadhi mwili huo hadi waandishi kama Muhammad Kijumwa walipoutia katika utenzi. Shaaban Robert naye, alipotaka kuandika wasifu, hakumchagua sultani wala gavana. Alimchagua Siti binti Saad, mwimbaji kutoka Fumba, Unguja, mtoto wa watu wa kawaida aliyepata riziki kwa sauti yake. Ikiwa mwandishi huyo aliona kwamba msanii anayelipwa kwa sauti anastahili wasifu wa Kiswahili, ni kwa kanuni gani mtu anayelipwa kwa miguu atupwe nje ya mlango?

La kusikitisha zaidi ni namna maisha ya Masya yanavyosimuliwa yanapobahatika kusimuliwa. Alifariki Septemba 2003 akiwa na miaka 33. Kifo cha mapema cha bingwa huwavuta watu kwenye hadithi mbili zilizokwisha kushonwa, kama nguo za dukani. Ya kwanza ni ya shujaa asiye na doa. Ya pili ni ya mtu aliyepanda juu kwa kasi na kuanguka kwa kasi, na ambaye vijana wanaambiwa wajifunze kwake. Shule za Kenya zimechangia kuikuza hii ya pili. Mwanafunzi hufundishwa insha ambayo kila mhusika lazima aadhibiwe kabla ya aya ya mwisho, na methali imfuate kaburini. Tabia hiyo haimwachi mtu hata afikapo chuo kikuu. Wapo wanaoandika tasnifu nzima kwa moyo wa insha ile.

Rekodi yenyewe haikubaliani na hadithi ya nyota iliyowaka mara moja. Masya alishinda mbio za Newcastle hadi South Shields mara nne: 1991, 1992, 1994 na 1996. Mwaka 1994 alizimaliza kwa dakika 60 na sekunde 2, haraka zaidi kuliko siku alipotwaa ubingwa wa dunia. Marathoni ya Honolulu aliishinda mara tatu: 1991, 1992 na 1994. Ukiziweka orodha hizo mbili pamoja, kinachojitokeza ni mpango. Katika miaka mitatu tofauti mtu huyu alishinda Uingereza mwezi wa Septemba na akashinda Hawaii mwezi wa Desemba, mbio moja ikiwa mara mbili ya nyingine kwa urefu, moja kwenye baridi ya kaskazini na nyingine kwenye joto la kitropiki. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejua kugawa mwaka wake. Nani alimsaidia kuugawa? Alipumzika lini? Kati ya Septemba na Desemba aliongeza kilomita ngapi? Alikula nini? Kabla ya mbio alikuwa mwanamasumbwi. Je, ile nidhamu ya ulingoni aliileta barabarani, au ilibidi aisahau kwanza? Haya ndiyo maswali ya msimu, na hakuna hata moja linalojibiwa kwa kutaja kifo chake.

Yamkini kuna sababu za kihistoria zilizoufanya mwaka ule upite kimya. Agosti 1992 macho ya Wakenya yalikuwa Barcelona, ambako William Tanui na Mathew Birir walileta dhahabu za Olimpiki. Nusu marathoni haimo katika Olimpiki. Ushindi wa Honolulu nao ulikuja wakati nchi ikielekea uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Desemba, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Aidha, masimulizi ya riadha ya Kenya yamezoea kuelekea Bonde la Ufa, Iten na Eldoret, kwenye nyanda zinazozidi mita 2,000 juu ya bahari. Mji wa Kitui uko katika mita 1,100 hivi. Nadharia ya hewa nyembamba haimtoshi Masya, na mtu asiyetosha katika nadharia huachwa kando. Hali hiyo ilipaswa kumfanya atafitiwe zaidi, si kidogo zaidi. Mbele yake na nyuma yake wapo wengine wa mashariki: Ndeti aliyekwisha kutajwa, Jimmy Muindi aliyeshinda Honolulu mara sita kati ya 1999 na 2007, Patrick Makau aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin, Septemba 2011, kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Huo ni ukoo mzima wa wakimbiaji, na Kiswahili hakijauandikia hata kijitabu cha kusomwa shuleni.

Hapa Makueni inaingia kwa namna ambayo mtafiti hana budi kuizingatia. Mwaka ule ule wa 1992 Makueni ilikatwa kutoka Machakos ikawa wilaya. Kumbukumbu za michezo za kabla ya hapo, za shule na za mkoa, humwita kila mtu wa upande huo Mmachakosi. Mtoto aliyekimbia Wote, Kibwezi au Sultan Hamud mwaka 1988 alihesabiwa Machakos. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kujua Masya alishindana na nani alipokuwa chipukizi hawezi kubaki ng’ambo moja ya mto Athi. Avuke. Wapinzani wa mwanzo wa bingwa ni sehemu ya wasifu wake sawa na Nadal alivyo sehemu ya msimu wa Federer, ila hawa wa Makueni hawajulikani kwa majina na sasa umri wao umekwenda. Miaka zaidi ya 30 imepita. Aliyekuwa kocha wa shule akiwa na miaka 45 mwaka 1988 leo amepita 80.

Suala la lugha nalo haliwezi kukwepwa. Kandanda imepata bahati katika Kiswahili. Marehemu Leonard Mambo Mbotela na watangazaji wenzake wa redio waliipa sauti, na wasikilizaji wakaongeza yao: chenga, kombora, kutikisa nyavu, kumwaga maji. Mbio ndefu hazina utajiri huo. Mtangazaji akishasema kwamba wametimka, wanakabana koo na fulani amekata utepe, hazina yake imekwisha, na bado zimesalia dakika 50 za mashindano. Tatizo haliko katika lugha. Wanaojua kukimbia hawajaulizwa wanavyosema. Wakimbiaji huzungumza wakiwa njiani. Wana maneno ya kilima kinachovunja magoti, ya kundi linaloanza kukatika, ya hali ile ya kuishiwa nguvu baada ya kilomita 30. Mengine ni ya Kikamba, mengine ya Kikalenjin, mengine ni Kiswahili cha kambini ambacho hakimo katika kamusi yoyote. Mwanafunzi wa isimu anayelalamika kwamba mada za tasnifu zimekwisha na aende akayaokote.

Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa majina. Moja ya miaka ya 1980 waliiita Nikw’a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika: fedha zilikuwapo mkononi, chakula cha kununua hakikuwapo. Jina hilo linaifaa hali ya Kiswahili kuhusu wanamichezo wa mashariki ya Kenya. Medali zipo, mabingwa wapo, idara za Kiswahili zipo. Kitui ina chuo kikuu chake, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, na tarehe 20 Oktoba 2025 sherehe za kitaifa za Sikukuu ya Mashujaa zilifanyika katika uwanja wa Ithookwe, mjini Kitui. Mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka juma lile kuwasomea watoto kurasa tano za Kiswahili safi kuhusu bingwa wa dunia aliyezaliwa Kitui alipaswa kuzipata wapi?

Vyama vya wanafunzi vya Kiswahili vina uwezo wa kuanza bila kungoja ufadhili. Kila mwaka hupangwa safari za nyanjani. Makundi huenda kurekodi ngoma ya kilumi, methali na ngano za fisi na sungura, kazi nzuri ambayo haina haja ya kuachwa. Katika safari hiyo hiyo kundi moja linaweza kupewa msimu mmoja wa mtu mmoja. Si maisha yote, kwa maana maisha yote ni mazito kwa muhula mmoja, na humrudisha mwanafunzi kwenye zile hadithi mbili za dukani. Apewe 1992. Aulize Januari kulikuwa na nini, kisha Februari. Wenzao wa Tanzania nao wana Boay Akonay wa mwaka ule ule, na Simon Robert Naali aliyeshinda Honolulu mwaka 1989 na 1990 kabla ya Masya kuipokea. Misimu hiyo ikiandikwa na vyuo viwili au vitatu kwa utaratibu mmoja, toleo moja la jarida litakuwa limejaa.

Mahojiano yafanywe kwa Kikamba pale ambapo mzee ana raha zaidi katika Kikamba, yaandikwe kwa Kiswahili, na maneno ambayo hayatafsiriki yaachwe kama yalivyo na kuelezwa ndani ya sentensi. Tarehe zilinganishwe na kumbukumbu za mashindano, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu hukosea mwaka lakini ni nadra kukosea mvua. Mzee atasema ilikuwa baada ya uua, na hapo mtafiti atajua ni Juni. Nakala moja ya kanda ibaki chuoni, na nyingine ipelekwe Kitui.